Siku ya tatu milimani: kwa nini nguvu ziliniishia, na kwa nini zilirudi siku ya tano?

#1 Mtoto wa Wete
Assalamu alaykum. Naomba tulijadili jambo ambalo limenishinda kulieleza tangu Agosti iliyopita. Nilishiriki Breck Epic, mashindano ya siku sita ya baiskeli za milimani yanayofanyika Breckenridge, Colorado, nchini Marekani, katika mji ulio takriban mita 2,900 juu ya usawa wa bahari. Kila siku mnaondoka mjini, mnazunguka milimani na kurudi kulala pale pale. Kwa jumla waandalizi hutangaza masafa ya kilomita zipatazo 380 na kupanda kunakokaribia mita 12,000. Mimi nimezaliwa na kukulia Wete, na mazoezi yangu yote nimeyafanya Pemba, ambako hakuna kilima kinachofika mita 150.

Siku ya kwanza na ya pili nilipanda vizuri, nikamaliza katikati ya kundi la rika langu. Siku ya tatu tulizunguka Mlima Guyot na kuvuka mpito wa French Pass, yaani njia ipitayo baina ya vilele, ulio juu ya mita 3,600, na hapo nguvu ziliniishia kabisa, hata nikapitwa na watu ambao jana yake sikuwaona nyuma yangu. Siku ya nne hali ilikuwa hiyo hiyo. Siku ya tano tulivuka Wheeler Pass, ambao uko juu kuliko mingine yote, nayo miguu ikanirudia. Kama sababu ni mwinuko, mbona siku ya kwanza haukunidhuru? Na kama ni uchovu, mbona siku ya tano ulipungua badala ya kuzidi?

#2 Kisiwani Tu
Hongera, na pole. Jibu naliona jepesi. Hewa ya kule ina oksijeni nusu ya hii yetu. Siku mbili za mwanzo ulikuwa unatumia akiba uliyoondoka nayo Pemba, na siku ya tatu akiba ikakwisha.

#3 Maalim wa Fizikia
Namheshimu ndugu yangu wa #2, lakini katika sentensi zake chache mna mambo mawili ya kurekebisha. Kwanza, mwili hauna ghala la oksijeni la kumfikisha mtu siku ya pili, na ashikaye pumzi dakika chache tu atalifahamu hilo. Pili, sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile takriban asilimia 21, uwe Wete au uwe kileleni Kilimanjaro. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni chache. Usawa wa bahari mgandamizo ni kilopaskali 101, na kwenye mita 3,000 ni takriban 70, kwa hiyo umebaki na kama asilimia 70 wala si nusu. Nusu utaikuta kwenye mita 5,500 hivi, karibu na kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Mgandamizo huo huo ndio unaofanya maji ya Breckenridge yachemke yakiwa karibu nyuzi 90, na mtu akitaka kupika maharage huko ajiandae kwa subira.

#4 Muuguzi wa Chake
Nashukuru, Maalim. Mimi naliona jambo hili katika damu. Mtu wa pwani anapofika mahali pa juu, ndani ya siku chache za mwanzo mwili hupunguza maji ya damu, hasa kwa njia ya mkojo. Akipimwa, hemoglobini, yaani kibeba oksijeni cha damu, huonekana imepanda, naye akafurahi, kumbe chembe nyekundu hazijaongezeka: maji ndiyo yamepungua. Damu ikipungua ujazo, moyo husukuma kidogo kwa kila pigo na hulazimika kupiga mara nyingi zaidi. Homoni inayoamrisha kutengenezwa kwa chembe nyekundu hupanda mapema, lakini chembe zenyewe huchukua wiki kadhaa kuongezeka kwa kiasi cha maana.

Kuna na jambo la pili, ambalo labda linaeleza siku ya tano. Ukiwa juu unahema kwa kasi, unatoa hewa ukaa nyingi, na damu inaelekea kwenye ualikali, yaani kinyume cha asidi, jambo linaloufanya ubongo uzuie kuhema huko. Figo hulirekebisha hilo taratibu kwa siku kadhaa, na zikimaliza unaruhusiwa kuhema kwa nguvu unayotaka. Kwa hiyo siku ya tatu ulikuwa umeshapoteza maji ya damu na figo hazijakamilisha kazi. Naomba utueleze ulifika lini, ulilalaje, na mkojo ulikuwa wa rangi gani.

#5 Mtoto wa Wete
Nilifika siku chache tu kabla ya kuanza, nikalala kwanza kwa shemeji yangu Denver, mji ulio kwenye mita 1,600 hivi, kisha nikapanda Breckenridge. Kichwa kiliniuma kidogo mchana wa mwanzo. Usingizi ulikuwa wa mashaka: shemeji, aliyelala chumba kimoja nami, alisema nilikuwa nahema kwa kasi, kisha nanyamaza kabisa kwa muda hata akataka kuniamsha, kisha naanza tena kwa mshindo. Mkojo wa asubuhi ya siku ya tatu ulikuwa wa rangi ya chai kavu, na mimi ni mnywaji mzuri wa maji.

#6 Gurudumu la Makunduchi
Kwa heshima zote, nadhani mwinuko unasingiziwa. Mimi na wenzangu tuliwahi kuzunguka Unguja kwa siku tatu mfululizo, kutoka mjini hadi Nungwi, tukashuka mashariki hadi Makunduchi, kisha tukarudi, na mahali pa juu kabisa tulipopita hapakuzidi ghorofa za Michenzani kwa mengi. Siku ya tatu niliishiwa nguvu kama anavyoeleza mleta uzi, hata daraja dogo nililiona mlima. Misuli ina akiba ya sukari, na mtu akipanda saa nyingi kila siku bila kula vya kutosha jioni, akiba hiyo haijai usiku mmoja, hupungua siku hadi siku. Tena wapo wengi wa Ulaya ambao huishiwa siku ya tatu ya mashindano ya Cape Epic kule Afrika Kusini, na yale hayapiti kwenye miinuko kama ya Colorado.

#7 Kisiwani Tu
Bwana Makunduchi, mwenzetu kavuka milima ya mita 3,600, wewe unamletea daraja. Na siku ile ya tatu hukutueleza ulikula urojo bakuli ngapi Forodhani usiku wake.

#8 Bi Mkanyagaji
Msimcheke, ana sehemu ya haki, ila tatizo la chakula juu milimani si kula jioni tu. Mimi niliipanda Kilimanjaro kwa baiskeli kupitia Kilema, njia inayotumiwa na wapanda baiskeli, na sikupita Horombo, kwenye mita 3,720. Nataka niwaeleze jambo moja dogo nililolishuhudia mwenyewe. Nilikaa juu ya jiwe nikatia tende kinywani, na nikagundua kwamba siwezi kutafuna na kuhema kwa wakati mmoja. Ukifunga mdomo utafune, baada ya matafuno mawili kifua kinadai hewa, unafungua, na tende inabaki imekwama kwenye shavu. Nikaitoa, nikairudisha mfukoni ikiwa na alama za meno. Mtu wa mashindano anatakiwa kupata gramu 60 mpaka 90 za wanga kwa saa, na kokwa moja ya tende za kawaida haina hata gramu 10. Pigeni hesabu ni mara ngapi atahitaji kutafuna, na kila mara achague baina ya chakula na pumzi. Tangu siku hiyo nabeba sukari ya kunywa, na halua laini inayoyeyuka bila kutafunwa.

#9 Mtoto wa Wete
Bi Mkanyagaji, umenigusa. Siku ya tatu nilirudi na vyakula karibu vyote nilivyoondoka navyo. Ila siku ya pili pia sikula sana, na sikuishiwa.

#10 Gurudumu la Makunduchi
Hapo hapo! Njaa ya siku ya pili hulipwa siku ya tatu. Nashukuru Bi Mkanyagaji kwa kunisaidia bila ya kukusudia.

#11 Bi Mkanyagaji
Sikukusaidia, bwana. Mimi nasema mwinuko ndio uliomzuia kula. Wewe unasema mwinuko hauhusiki.

#12 Mkongwe wa Riadha
Vijana, jambo hili Tanzania tulilishuhudia Mexico City mwaka 1968. Mji ule uko kwenye mita 2,240. John Stephen Akhwari wetu alikimbia marathoni, akabanwa na misuli, akaanguka na kuumia goti, na akamaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Mtu wa tambarare akipelekwa juu, hayo ndiyo yanayomkuta, naye Mhabeshi aliyezoea kwao juu hushinda.

#13 Maalim wa Fizikia
Mzee wangu, heshima yako. Habari ya mbio ni sahihi, ila Akhwari si mtu wa tambarare. Ametoka Mbulu, nyanda za juu za kaskazini. Ukimtumia kama mfano, basi mfano wenyewe unageuka na kusema kwamba hata mtu wa juu anaweza kuvunjika huko juu, kwa sababu nyingine kabisa.

#14 Mkongwe wa Riadha
Nimekubali habari ya Mbulu. Hata hivyo Kipchoge Keino wa nyanda za juu za Kenya alimshinda Jim Ryun wa Marekani katika mbio za mita 1,500 kwenye michezo ile ile, na hilo hakuna atakayelikanusha.

#15 Wati na Dakika
Nimesoma yote, na naona hakuna aliyeuliza swali la msingi: siku ya kwanza alipanda kwa nguvu gani? Wanaopima mambo haya husema kwamba uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 ukishapita mita 1,500. Kwenye mita 3,000 na zaidi, mtu wa pwani amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya injini yake hata kabla hajakaa juu ya kiti. Kama kule Pemba anaweza kukanyaga wati 230 (kipimo cha nguvu ya kukanyaga) kwa saa nzima, na akatumia nambari hiyo hiyo Breckenridge kwa kuwa kompyuta ya usukani ndiyo iliyomwonyesha, basi anakanyaga juu ya kiwango chake bila kujua, misuli inaishi kwa sukari badala ya mafuta, na akiba ile aliyoitaja Makunduchi inakwisha upesi zaidi. Siku mbili anaonekana shujaa. Siku ya tatu na ya nne anapanda pole pole kwa kuwa hana budi, na kwa upole huo anapumzika bila kukusudia. Siku ya tano iko wapi ajabu yake?

#16 Kaskazi Kali
Nashauri jambo ambalo sisi wa visiwani tunalo bure. Mazoezi ya juani hukuza maji ya damu, kinyume cha kile anachokieleza Muuguzi kwamba hupotea milimani. Mtu akifanya mazoezi mchana wa kaskazi kwa wiki mbili, anapanda ndege akiwa na damu yenye ujazo mkubwa zaidi, hata kikipotea kidogo bado amebaki na cha kutosha. Kwa hiyo mtu wa pwani haendi mikono mitupu.

#17 Muuguzi wa Chake
Fikra ni nzuri, na inalingana na inavyojulikana kuhusu joto na damu. Lakini mashindano ni Agosti, na miezi inayotangulia kwetu ni kipupwe, ambapo watu wa Chake hujifunika shuka mbili alfajiri. Faida ya joto la kaskazi huondoka ndani ya wiki chache mtu akiacha. Labda ajifungie chumbani na madirisha yote yafungwe.

#18 Kisiwani Tu
Kipupwe cha Chake kinamtisha mtu anayekwenda Colorado? Haya, tuendelee.

#19 Mbeba Mizigo
Nimewahi kufanya kazi ya ubebaji Kilimanjaro, na wageni karibu wote walikuwa wakimeza vidonge vya asetazolamidi, vile vinavyouzwa kwa jina la Diamox. Vinasaidia kuhema usiku, hasa ile hali ya kunyamaza pumzi aliyoieleza mleta uzi. Mwakani avitumie.

#20 Wati na Dakika
Tahadhari kubwa hapa. Mpanda mlima wa matembezi anaweza kushauriana na daktari wake akavitumia. Mshindani hawezi, kwa sababu asetazolamidi ni dawa ya kukojosha, na dawa za kukojosha zimo katika orodha ya vitu vilivyokatazwa na WADA, shirika la kimataifa la kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Pasipo kibali maalumu cha matibabu, mtu anaweza kujiingiza kwenye fedheha kwa ajili ya usingizi.

#21 Muuguzi wa Chake
Ahsante kwa tahadhari hiyo. Naongeza yangu, na hii naomba isomwe hata na wasiopenda baiskeli. Katika visiwa vyetu wamo watu wengi waliobeba chembe ya urithi ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Hawaumwi, wanacheza mpira, wanazaa, na wengi hawajui kwamba wanayo. Mahali pa juu, oksijeni ikiwa chache na mtu akijikamua, chembe zao nyekundu za damu zinaweza kupinda na kuziba mishipa ya wengu. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, na mwenye maumivu hayo hushushwa mara moja bila kungoja mwisho wa mbio. Sisemi kwamba mleta uzi anayo. Nasema kabla ya kulipa ada ya mashindano ya aina hii, mtu wa Unguja au Pemba apime aina ya hemoglobini na akiba ya madini ya chuma, kwa sababu hata upungufu mdogo wa chuma humzuia mtu kutengeneza chembe mpya anazozihitaji huko.

#22 Mtoto wa Wete
Sikuwa na maumivu ya ubavu, alhamdulillahi. Vipimo hivyo nitavifanya.

#23 Fundi wa Darajani
Mabwana na mabibi, mumeupima moyo, figo na wengu, na baiskeli hakuna aliyeiuliza hali. Ulikuwa na meno mangapi mbele, na mangapi kwenye gia kubwa kabisa ya nyuma? Na upepo wa tairi uliutia wapi? Tairi lililojazwa Pemba likifika juu huwa gumu, na gumu hurukaruka kwenye mawe.

#24 Maalim wa Fizikia
Fundi, la tairi ni kweli kwa aliyelijaza baharini: kipimo kitaonyesha kama kilopaskali 30 zaidi akifika mita 3,000. Lakini yeye alisafirisha baiskeli kwa ndege, na matairi lazima aliyajaza upya kule. Kutoka mjini hadi juu ya mpito tofauti haizidi kilopaskali 7 au 8, na hiyo haimwondolei mtu nguvu.

#25 Mtoto wa Wete
Ni kweli, nilitia upepo kule. Mbele nilikuwa na meno 34, nyuma kubwa kabisa 42.

#26 Fundi wa Darajani
Basi mimi nimeshapata jibu langu. Wenzako wengi wa kule huweka 30 mbele na 50 nyuma. Kwa gurudumu la inchi 29, mwendo wa kilomita 5 kwa saa kwenye mlima mkali unakutaka uzungushe pedali kama mara 45 kwa dakika, ilhali mwenzako anazungusha 60 kwa mwendo ule ule. Wewe unapanda kwa mapaja, yeye anapanda kwa pumzi, na mapaja hayapoi usiku mmoja. Kwenye vilima vya Pemba hulioni hilo kwa sababu kabla paja halijalalamika umeshafika juu. Mtu akiupanda mlima wa bandarini Mkoani dakika chache tu anashuka upande wa pili, na huko kupanda ni saa nzima bila kuteremka.

#27 Wati na Dakika
Fundi, gia zilikuwa zile zile siku ya tano.

#28 Fundi wa Darajani
Ndiyo, na sehemu ya juu ya Wheeler Pass watu husukuma baiskeli kwa miguu. Akishuka chini, gia haihusiki.

#29 Mtoto wa Wete
Nilisukuma kote kuwili, Fundi, French Pass na Wheeler Pass. Kule French Pass kokoto zilikuwa zinateleza chini ya viatu, kila hatua mbili nikirudi moja, nikiwa nimeiegemea baiskeli kwa kifua. Ili kuwasaidia, nimetafuta kumbukumbu za mapigo ya moyo niliyoyapima asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Nikiwa Pemba huwa 52 kwa dakika. Siku ya kwanza ya mashindano yalikuwa 66, siku ya tatu 71, na siku ya tano 61.

#30 Muuguzi wa Chake
Nambari hizi ndizo nilizokuwa nikizitarajia. Moyo ulipanda damu ilipopungua ujazo, kisha ukatulia mwili ulipoanza kuzoea.

#31 Gurudumu la Makunduchi
Nambari hizi hizi ndizo ningezitarajia mimi kwa mtu aliyejichosha siku mbili, kisha akapanda pole pole siku mbili nyingine, kama alivyosema Wati na Dakika. Ziko njia za kulipima jambo hili. Mleta uzi aende Mkoani, achague mlima wa mita 80, aupande mara 25 kila siku kwa siku sita, ili apate mita zile zile 2,000 za kupanda kwa siku, ale kama alivyokula kule, na apime mapigo kila asubuhi. Akiishiwa siku ya tatu hapo Mkoani, mwinuko uombwe radhi.

#32 Muuguzi wa Chake
Na asipoishiwa?

#33 Gurudumu la Makunduchi
Asipoishiwa tutamwambia gia za Fundi zilimsaidia.

#34 Mtoto wa Wete
Niko tayari kujaribu mwezi wa Disemba, ila natafuta wa kupanda naye, kwa sababu mara 25 kwa siku peke yangu watu wa bandarini watadhani nimepotelewa na kitu.

#35 Bi Mkanyagaji
Niandike mimi. Sukari ya kunywa nitaileta, na halua itatoka Wete, usije ukaninunulia ya mjini.

#36 Fundi wa Darajani
Nami nitakupa kaseti, yaani seti ya gia za nyuma, yenye meno 50 uiazime kwa siku tatu za mwisho, tuone nani kati yetu atanyamaza.

#37 Maalim wa Fizikia
La hasha, Fundi. Ukibadilisha gia katikati ya jaribio hatutajua lolote. Ama aifunge tangu siku ya kwanza, ama asiifunge kabisa.